Gari la babu lataka vali, si rangi mpya

NI nani asiyelijua lile gari kuukuu lililofunikwa turubai nyuma ya jiko? Ukipita Litein, Kapkatet, Kaplong hadi Silibwet, utaliona boma baada ya boma. Aghalabu ni Peugeot 504 ya mizigo iliyopeleka majani ya chai kituoni miaka nenda miaka rudi, au Land Rover iliyowakimbiza wagonjwa hospitalini usiku wa mvua wakati jirani wote walikuwa na baiskeli. Leo kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Hata hivyo, hakuna mtu nyumbani anayethubutu kusema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ni gari la babu.

Basi bonasi ya chai inapoingia, aghalabu mwezi wa Oktoba, mmoja wa watoto husema: "Mwaka huu tulifufue." Wazo hilo si baya hata kidogo. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hivyo usitarajie meli ikuletee 504 nyingine. Iliyoko nyuma ya jiko ndiyo hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba pesa huanzia mahali pasipofaa. Kwanza rangi, kisha viti, kisha redio. Injini hufunguliwa mwisho, mfuko ukiwa umekauka, na fundi huambiwa: "Tafuta za bei nafuu, almuradi liwake." Gari huwaka kweli, na picha hupigwa. Mwezi wa Januari, karo ya watoto ikiwa mlangoni, gari linazimikia katika mpando wa kutoka Awasi kuja Kapsoit, moshi ukirudi nyuma kupitia kabureta. Bonasi imekwenda na gari halipo.

Ndugu msomaji, ikiwa nawe unawaza kulifufua gari kama hilo, soma kwanza haya. Pesa za mwanzo ziende kwenye vali na jamaa zake wote, nazo zitumike kwa vipimo, si kwa kubahatisha.

Milango 8 isiyolala

Injini ya petroli ya 504, sawa na ile ya Land Rover ya lita 2.25, ina silinda 4. Kila silinda ina milango 2: mmoja wa kuingizia hewa na petroli, mwingine wa kutolea moshi. Milango hiyo ndiyo vali, na jumla yake ni 8.

Anayeifungua ni kamshafti, chuma kirefu chenye nundu kilicholala ndani ya bloku na kuzungushwa kwa cheni. Nundu ikiinuka husukuma tapeti, na tapeti husukuma ufito mrefu uitwao pushrodi. Ufito hubinua roka, mfano wa mtoto anavyobinuliwa kwenye ubao wa pembea, nayo roka huisukuma vali ifunguke. Kazi ya kuifunga tena ni ya springi.

Hebu piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 1,500. Kwa saa moja ni mara 90,000. Ukisafiri saa 5 kutoka Kericho hadi Nairobi kwa mwendo huo, kila vali imefunguka na kufungwa mara 450,000. Vali ya kutolea moshi hufanya kazi hiyo ikiwa katika joto linaloweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, kiasi cha chuma kuwa chekundu.

Je, kwa nini haiyeyuki? Kwa sababu kila inapofunga hukaa kitako juu ya kiti chake, na kupitia kiti hicho joto huingia katika hedi ambako maji hulipoza. Kiti kikiwa na ufa, au vali isipokaa sawasawa, joto hukosa njia na ukingo wa vali huungua. Kwa hivyo vali nzuri juu ya kiti kibovu ni pesa zilizotupwa, na kiti kizuri chini ya vali mbovu ni vivyo hivyo.

Pima kabla ya kununua

Kabla hujafungua hata nati moja, mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda, ikiwa injini bado inazunguka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na huku juu kanieneo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Geji yako itasoma chini ya nambari iliyoandikwa kitabuni hata injini ikiwa nzima. Usikubali injini ihukumiwe kwa sababu hiyo. Linganisha silinda moja na nyingine: ikiwa moja imepungukiwa na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hapo pana shida.

Sasa tia kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Nambari ikipanda, ringi za pistoni ndizo zimechoka. Ikibaki pale pale, shaka iko kwa vali.

Wenye 504 wawe waangalifu zaidi hedi inapoinuliwa. Silivu za injini hiyo zimezungukwa na maji na hukaa juu ya mpira au gasketi zake kule chini. Hedi ikishatoka, hakuna kitu kinachozishikilia. Fundi akizungusha kranki bila kuzibana, zitainuka, na maji yatashuka katika oili. Kazi ya vali itageuka kuwa kazi ya injini nzima.

Hedi ikiwa mezani, chukua daftari la shule uandike kila kipimo: unene wa shina la kila vali katika sehemu tatu, urefu wa kila springi ikiwa huru, kimo cha kila nundu ya kamshafti. Kila kifaa kinachotoka kiwekwe mahali pake kwa nambari. Kipande cha katoni kilichotobolewa matundu 8 kwa pushrodi chatosha. Vifaa vilivyozeeka pamoja vimezoeana, na ukivichanganya vitaanza kulana upya.

Petroli si ile ya zamani

Gari la babu lilikulia kwenye petroli yenye madini ya risasi. Madini hayo yalikuwa sumu kwa watoto wetu, lakini kwa vali yalikuwa kama mto wa kukalia: yaliacha utando mwembamba juu ya kiti, na vali haikugonga chuma kwa chuma. Mwezi wa Juni mwaka wa 2001, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka katika vituo vya Kenya. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka wa 2021.

Ikiwa gari lako liliegeshwa kabla ya hapo, basi huenda injini yake haijapata kuonja petroli ya leo. Katika hedi za chuma cha kalibu ambazo viti vyake vimekatwa moja kwa moja ndani ya chuma hicho, vali ya moshi hukigonga kiti hadi kikaanza kuliwa. Vali huzama kidogo kidogo, nafasi kati ya roka na vali hupungua, kisha siku moja vali haifungi tena na inaungua. Dalili yake ni hii: unarekebisha nafasi leo, na baada ya safari chache tu imepotea.

Dawa ni kuchomeka viti vipya vya chuma kigumu upande wa moshi, na kununua vali za moshi zilizotengenezwa kwa petroli isiyo na risasi. Hiyo ni kazi ya karakana ya mashine, si ya patasi na nyundo. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, kwa hivyo viti vyake ni vya kuchomekwa tangu kiwandani. Lakini usilale kwa hilo. Kiti kilichosagwa mara nyingi kimekwisha, na injini iliyowahi kuchemka yaweza kuwa na kiti kilicholegea. Mwambie fundi akigonge polepole asikilize.

Usikubali pia mtindo wa kusaga tu. Unga wa kusagia vali ni wa kumalizia kazi na kuonyesha kama vali inakaa sawa. Ukitumiwa kufuta shimo, unakula vali na kiti pamoja.

Gaidi anayestahili kukamatwa

Msishtuke, si yule wa msituni. Mafundi huita gaidi lile bomba dogo ambamo shina la vali hupanda na kushuka. Likilegea, vali huyumba, hukaa upande, na oili hunyonywa kuingia ndani ya silinda. Ukiona moshi wa buluu pindi unapokanyaga petroli baada ya kuteremka mlima mrefu, mshuku huyu kwanza, pamoja na sili zake za mpira.

La muhimu ni utaratibu. Gaidi hubadilishwa kwanza, kiti hukatwa baadaye, kwa kuwa kifaa cha kukatia kiti hujielekeza kwa kupitia gaidi. Anayekata kiti kwanza kisha akabadilisha gaidi amefanya kazi bure, nawe utalipa mara mbili.

Kamshafti na tapeti ni bibi na bwana

Katika 504 uso wa tapeti huteleza moja kwa moja juu ya nundu ya kamshafti. Baada ya miaka mingi nyuso hizo mbili zimezoeana kabisa. Kwa hivyo shika kanuni hii: kamshafti mpya ifungwe na tapeti mpya. Tapeti kuukuu juu ya kamshafti mpya itailamba nundu katika muda mfupi, na unga wa chuma utasambaa injini nzima. Kadhalika, ukinunua kamshafti iliyotumika, ichukue pamoja na tapeti zake, kila moja na nundu yake. Kama hazijulikani zilivyopangwa, iache dukani.

Land Rover ya lita 2.25 ni tofauti kidogo. Tapeti zake zina gurudumu dogo linalobingirika juu ya nundu, na ndiyo sababu moja ya kamshafti zake kudumu. Hapo kagua gurudumu: likiwa na vidoadoa vya kuliwa au linakwama, libadilishe, na uhakikishe linarudi likitazama upande ule ule lililotoka.

Springi ni rahisi, na ndiyo maana hupuuzwa. Iliyochoka huwa fupi kuliko kipimo cha kitabu. Zisimamishe zote juu ya kioo, uweke rula juu yake. Iliyo fupi au iliyoinama utaiona. Nunua seti nzima, wala usishawishiwe na springi kali "za mashindano". Springi kali kupita kiasi huikandamiza nundu na tapeti na kuzimaliza kabla ya wakati.

Roka nazo hudanganya. Ncha yake ikichimbika kijishimo mahali inapogusa vali, bapa la kupimia nafasi hupita juu ya shimo bila kuligusa. Utaamini nafasi ni sawa kumbe ni kubwa, na injini itaendelea kulia ta-ta-ta. Chunguza pia ule mtaimbo unaobeba roka: vitundu vyake vya oili huziba kwa uchafu, na roka hukauka huku injini ikiwa imejaa oili.

Tamaa ya mbio

Hapa ndipo vijana huponzwa. Gari likionekana kuchoka mlimani, huambiwa waweke kamshafti ya mashindano na vali kubwa. Kamshafti ya aina hiyo huacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi, na faida yake huonekana injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Kwa mwendo wa polepole, ule wa kupanda kutoka kituo cha majani na gunia nyuma, huipunguzia injini nguvu. Tena hakuna kamshafti itakayoirudisha ile hewa ambayo mwinuko wetu umeipunguza. Vali zinazofunga barabara, nafasi sahihi na taiming iliyorekebishwa ndizo zitakazokupandisha mlima.

Wakumbuke waliotutangulia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho wa mwaka wa 1932, alishinda mashindano ya Safari mara 3: mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa kwanza, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliupata kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni kabla hajaichukua. Injini yake ilikuwa ya pushrodi na vali 8, ndugu ya hizi zetu. Nayo 504 yenyewe ilishinda Safari mwaka wa 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Gari kuukuu lililoandaliwa vyema si la kudharauliwa.

Ukifika dukani

Wengi huishia Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Usiende huko na maneno matupu kama "nataka vali za 504". Gari hilo lilitoka na injini za ukubwa mbalimbali, na vali za moja si lazima zikae katika nyingine. Nenda na nambari ya injini, daftari lako la vipimo, na vali kuukuu mfukoni.

Utakutana na mazungumzo kama haya: "Mzee, hii ni sawa tu na ile, ila bei ndiyo tofauti." Usibishane. Toa vali yako, uzilinganishe urefu, unene wa shina, upana wa kichwa na mfereji wa kushikia kufuli. Angalia pembe pia. Vali ya hewa na ya moshi huweza kutofautiana, moja nyuzi 30 na nyingine 45. Beba na kisumaku kidogo. Vali nyingi bora za moshi zina kichwa cha chuma cha pua ambacho sumaku haikishiki, au hukishika kwa unyonge. Hiyo si thibitisho kamili, lakini kama muuzaji anasifu chuma maalumu na sumaku inang'ang'ania kama kupe, muulize maswali zaidi. Omba risiti yenye jina la kifaa na nambari yake. Mwuza bidhaa halisi haogopi kuandika.

Pesa zikiwa chache

Yamkini bonasi haitoshi vyote. Basi fuata utaratibu huu. Kwanza, vali za moshi, viti vyake na gaidi. Hapa usipunguze hata senti, wala usinunue vali ya moshi iliyotumika. Pili, springi na sili za mpira, ambazo si ghali. Tatu, kamshafti na tapeti, ikiwa vipimo vimeonyesha zimekwisha. Kama nundu zote ziko sawa na nyuso ni laini, zirudishe kila moja mahali pake ukaokoe pesa. Nne, cheni ya kamshafti, maana imelegea pengine na vali zinachelewa kufunguka.

Vinavyoweza kutumika tena ni pushrodi zilizonyooka (zibingirishe juu ya kioo uone), roka ambazo ncha zake ni nzima, vikombe vya springi na vali za hewa zenye shina lisilolika. Rangi na ingoje bonasi ijayo. Kutu ya mlango haijamzuia mtu kufika hospitali.

Siku ya kuliwasha

Hewa ya Kericho ni ya mvua na unyevu, kwa hivyo kifaa kipya kisikae uchi mezani. Kipake oili, ukifunge kwa plastiki. Wakati wa kufunga, nundu na nyuso za tapeti zipakwe mafuta mazito ya kufungia injini. Rekebisha nafasi za vali injini ikiwa baridi: kwa 504 ya petroli ni milimita 0.10 upande wa hewa na 0.25 upande wa moshi. Kwa Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.25 pande zote mbili.

Kuhusu oili, nyingi za magari mapya zimepunguzwa zinki na fosforasi, vitu vinavyokinga tapeti za kuteleza. Ile ya 15W-40 ya injini za dizeli kwa kawaida huwa nazo zaidi, na hupatikana hata vituo vya mashambani.

Ukiwa umefunga kamshafti na tapeti mpya za kuteleza, usiiache injini ingurume polepole ikiwaka mara ya kwanza. Ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20, kwa kuwa nundu hulainishwa na oili inayorushwa na kranki, na kwa mwendo wa chini hairushwi ya kutosha. Jamaa waliokuja kushangilia na wasubiri chai iive. Baada ya kilomita 800 hadi 1,000 pima nafasi tena, ubadilishe oili, na uandike katika lile daftari. Nafasi zikiwa zimebaki karibu na ulivyoziacha, kazi ilikuwa safi. Zikiwa zimepungua sana upande wa moshi, rudi kwa fundi wa hedi mapema. Usingoje mlima ukukumbushe.

Wahenga walisema rahisi ghali. Daftari hilo litunze pamoja na kitabu cha gari, kwa kuwa siku moja mjukuu ataifungua injini hiyo hiyo, naye atataka kujua ni nini kilichowekwa humo na kwa kipimo gani.